Jumatano jioni kibandani Walukuba: Tom Finney kwa shilingi 2,000

Nimezaliwa Walukuba, mtaa wa mji wa Jinja hapa Uganda, na vibanda vya video nimeanza kuviingia enzi za kanda, kwa hiyo sisifii kitu kwa sababu ni kipya machoni pangu. Kile kibanda kilicho nyuma ya soko, chenye mlango wa bluu na ratiba iliyoandikwa kwa chaki, wikendi kinaonyesha Ligi Kuu ya Uingereza kama vibanda vingine vyote vya Jinja. Siku nyingine ni filamu za kupigana. Ila Jumatano, saa moja jioni, VJ wao, yaani msimulizi wa filamu wa kibanda, huweka vipande vya mpira wa zamani, vile vya rangi nyeusi na nyeupe, akashika maikrofoni na kusimulia maisha ya mchezaji mmoja tangu utoto hadi kustaafu. Wiki iliyopita alikuwa Tom Finney wa Preston North End. Nilikwenda na binti yangu wa miaka 14, anayecheza winga ya kulia katika timu ya shule, na mpaka leo nyumbani kwangu hakuna mlo unaoisha bila jina la Finney kutajwa.

Kwanza lugha. Ma-VJ wengi wa Uganda wanasimulia kwa Kiganda, na ni mabingwa, sina ubishi. Huyu anasimulia kwa Kiswahili, na Kiswahili chake ni cha hapahapa mtaani, ambako kila nyumba ilitoka kwingine ikaletwa na kazi. Baba yangu alitoka upande wa Arua akiwa kijana, akaja kubeba zege kwenye ujenzi wa bwawa la Owen Falls. Jirani zetu walitoka Busia, Gulu, Kisumu. Tulielewana kwa Kiswahili, na mpira tuliusimulia kwa Kiswahili. Kumsikia mtu akisema "Finney anamvuta beki, anamvuta, anamwachia kivuli, mpira ameshaondoka nao" kwa lugha hiyo, na kwenye kioo kuna mtu aliyevaa kaptula pana hadi magotini, ni raha ambayo runinga yangu ya nyumbani hainipi.

Anaanza vizuri. Preston ulikuwa mji wa viwanda vya pamba kaskazini mwa Uingereza, na VJ akaufananisha papo hapo na Jinja yetu ya kiwanda cha nguo cha Nyanza Textiles. Wazee wa mbele wakaguna kukubali. Finney alizaliwa hapo tarehe 5 Aprili 1922, karibu kabisa na uwanja wa Deepdale. Alikuwa mtoto mdogo wa umbo, mwenye maradhi, na alikuwa wa mguu wa kushoto. Huo wa kulia aliufundisha mwenyewe, kwa kurudia na kurudia, hadi akawa winga wa kulia ambaye beki hakujua atatokea upande gani. Binti yangu alinigusa bega aliposikia hivyo. Yeye ana mguu mmoja tu, wa kulia, na mwalimu wake amemwambia hivyo mara nyingi.

Kisha ikaja sehemu iliyonifanya niandike haya.

Mimi ni fundi bomba. Nimefanya kazi hii miaka 27, nikianzia kuchimba mitaro ya watu na sasa nina vijana 2 ninaowafundisha. Finney naye alikuwa fundi bomba. Hilo halikuwa jina la utani tu, ingawa huko kwao walimwita hivyo. Klabu ya Preston ilipomtaka akiwa kijana mdogo, baba yake alikataa aache uanagenzi. Alimtaka amalize kujifunza ufundi kwanza, na mpira ufuate. Kijana akatii, mchana akashika mabomba, mazoezi akafanya jioni. Hata alipokuwa mchezaji wa timu ya taifa alikuwa na biashara yake ya ufundi bomba, na alipotundika viatu aliendelea nayo.

VJ aliyapita hayo kwa sentensi moja. Akasema, maskini, mshahara ulikuwa mdogo mpaka ikabidi azibue vyoo vya watu, na kibanda kizima kikaangua kicheko. Hapo ndipo ninapompunguzia alama. Kuna picha ya Finney na vifaa vyake vya kazi, ameitumia mwenyewe kwenye onyesho, na mtu aliye kwenye picha ile hana sura ya mtu aliyeshindwa. Mafundi wa enzi zile walifanya kazi na mabomba ya risasi, ile metali laini na nzito. Kiungo hakikufungwa kwa gundi wala kwa uzi na spana kama tunavyofanya leo. Fundi alimimina lehemu ya moto kwenye maungio, akaizungushia kitambaa mkononi kabla haijakauka, mpaka ikatulia laini, imenenepa katikati kama yai. Akichelewa kidogo inakuwa jiwe, akiharakisha inamwagika miguuni. Mzee mmoja wa Kihindi aliyenifundisha kazi hapa Jinja alinionyesha mara moja jinsi ilivyofanyika, na nilijaribu siku nzima nikaambulia uvimbe wa risasi usiofaa hata kuzibia tundu la panya. Mtu aliyeiweza kazi hiyo hachekwi. Baba yake Finney alijua alichokuwa akimpa mwanawe, na nilimweleza binti yangu hivyo palepale bila kungoja mwisho.

Vita vya Pili vya Dunia VJ alivipitisha haraka, na nadhani alifanya sawa maana picha zilikuwa chache. Ila ile hesabu isimponyoke mtu: mwaka 1941, akiwa na miaka 19, Finney alicheza fainali ya kombe la wakati wa vita dhidi ya Arsenal, na Preston wakashinda baada ya kurudiana. Akaitwa jeshini, akapelekwa Misri na kisha Italia, katika vikosi vya vifaru. Mechi yake ya kwanza ya Ligi aliicheza Agosti 1946, ana miaka 24. Miaka ambayo vijana wetu wa leo wanauzwa kwa mabilioni, yeye aliitumia ndani ya kifaru. Mwezi mmoja baadaye, Septemba 1946, alikuwa amevaa jezi ya Uingereza, akafunga goli kwenye ushindi wa 7-2 dhidi ya Ireland ya Kaskazini.

Baada ya hapo msimulizi alipata moto. Ubishi wa enzi hizo ulikuwa nani mkali zaidi, Finney au Stanley Matthews, kwa sababu wote walikuwa mawinga wa kulia na nafasi ni moja. VJ aligawa kibanda pande 2, wa kushoto wapigie kelele Matthews, wa kulia Finney, na mimi na mwanangu tukajikuta upande wa Matthews kwa sababu ya tulipokaa. Binti yangu alihama benchi. Mei 1947 huko Lisbon walimaliza ubishi kwa kuwapanga wote, Matthews kulia, Finney kushoto, na Ureno wakafungwa 10-0. Lawton 4, Mortensen 4, Finney 1, Matthews 1. Mwaka uliofuata Turin, Italia wakiwa nyumbani kwao walifungwa 4-0 na 2 zilikuwa za Finney. Kwa jumla aliichezea Uingereza mechi 76 na kufunga magoli 30, akicheza kulia, kushoto na katikati.

Hapa niseme jambo la haki. VJ hakuficha vipigo. Alionyesha Kombe la Dunia la 1950, Uingereza wakifungwa 1-0 na Marekani kule Belo Horizonte, Finney akiwa uwanjani. Akataja Wahungari waliokuja Wembley Novemba 1953 na kuondoka na 6-3, siku ambayo Finney alikuwa majeruhi akatazama akiwa jukwaani, na 7-1 ya Budapest mwaka uliofuata ambayo aliicheza. Msimulizi mwingine angeyaruka ili shujaa wake abaki msafi. Huyu aliyaacha, na kibanda kilinyamaza kimya kama msibani.

Umeme ulikatika hapo Budapest. Dakika 20 gizani, jenereta ikagoma mara 3, watoto wakapiga miluzi. Mhudumu alipita na tochi ya simu akisema hakuna atakayelipa tena, na kweli hakuna aliyelipishwa. Nje kulikuwa na kijana wa roleksi, chapati zake za moto, mayai mawili kwa nyanya na kabeji. Tulikula tumesimama.

Umeme uliporudi ikaja habari ya Palermo, ambayo VJ alikosea vibaya. Yeye alisema Finney alikataa pesa za Waitaliano kwa mapenzi ya nyumbani, na watu wakapiga makofi. Sivyo ilivyokuwa. Mwaka 1952 Uingereza ilipozuru Italia, mwenye klabu ya Palermo alimwita Finney na kumwekea mezani pauni 10,000 za kusaini, mshahara wa pauni 130 kwa mwezi, nyumba na gari. Finney alilipeleka suala hilo kwa viongozi wa Preston, na ni Preston waliokataa. Sheria ya usajili ya wakati ule ilimfunga mchezaji kwa klabu yake hata mkataba ukiisha: klabu ikisema huendi, huendi. Na mshahara ulikuwa na kikomo kilichowekwa kwa wachezaji wote wa Ligi, mwaka ule pauni 14 kwa wiki msimu ukiwa unaendelea, uwe nyota au uwe mtu wa benchi.

Binti yangu alitoa simu, akagawanya. "Baba, hizo 10,000 ni mshahara wa wiki 714." Karibu miaka 14. Akaniuliza kwa nini asingetoroka tu usiku. Nikamwambia, mwanangu, alikuwa na mke, watoto na mafundi waliomtegemea pale Preston, na mtu aliyeapishwa kwenye uanagenzi haondoki kazini bila ruhusa. Hakuridhika na jibu. Mimi mwenyewe sikuridhika nalo sana, na nilipofika nyumbani nililala nikiwaza. Uchungu mwenyewe uko hapa: Finney alistaafu mwaka 1960, na Januari 1961 chama cha wachezaji kikaishinda Ligi, kikomo cha mshahara kikafutwa. Alikosa kwa miezi michache tu. VJ hakulisema hili kabisa, nami namwomba aliweke, kwa sababu vijana waliojaa mle ndani wanaona mishahara ya leo kwenye simu zao na wanadhani mpira ulizaliwa nayo.

Sasa fainali ya Kombe la FA ya 1954. Hapa nitakaa, mnisamehe.

Preston walifika Wembley kukutana na West Bromwich Albion tarehe 1 Mei 1954. Nchi nzima, ukiacha mashabiki wa West Brom, ilimtakia Finney kombe hilo, kama mwaka uliotangulia ilivyomtakia Matthews naye akalipata. Onyesho lina picha nzuri za mechi yenyewe. Allen anaifungia West Brom, punde tu Morrison anasawazisha kwa kichwa, Wayman anawaweka Preston mbele 2-1, Allen tena kwa penati, na zikiwa zimebaki dakika chache Griffin anapiga la tatu. 3-2. Finney hakuonekana siku hiyo. Alibanwa, mipira haikumfikia, na hata ile iliyomfikia hakuifanyia alichozoea. VJ alisema Finney alifunga goli moja, hakufunga. Lakini aliusimulia ule mwisho kwa sauti ya chini, polepole, akaacha kamera izunguke kwenye nyuso za wachezaji bila neno, na mzee aliyekaa mbele yetu alivua kofia.

Kitu ambacho VJ hakukijua ni hiki. Malkia Elizabeth hakuwepo Wembley siku ile. Alikuwa safarini akirejea kwao, na siku 2 kabla, tarehe 29 Aprili 1954, alikuwa hapa Jinja akifungua bwawa la Owen Falls. Baba yangu alikuwa kwenye umati. Alituambia mara nyingi tulipokuwa wadogo: walipewa siku ile bila kazi, wakavaa mashati meupe, wakapangwa pembeni mwa barabara tangu asubuhi, jua kali, na kilichopita kilikuwa kofia ndogo na mkono uliovaa glovu. Mashine zikafunguliwa, maji yakapita. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mbao, kilomita chache kutoka bwawa lile, naangalia mechi ya wiki ileile. Nilitamani mzee angekuwa hai aje akae hapo pembeni yangu.

Onyesho lilipokwisha nilimfuata VJ nikamwambia. Ni kijana wa miaka 20 na kitu, ana adabu. Alizima spika, akasema "mzee, rudia taratibu", akaandika kwenye simu tarehe zote mbili. Nikamsahihisha na lile la Palermo na lile goli. Hakubisha. Alisema Jumatano nyingine atakapomrudia Finney ataanza na bwawa. Kwa huduma ya shilingi 2,000, mtu anayekubali kusahihishwa na mteja ni kitu kikubwa kwangu.

Mengine ya Finney aliyamaliza vizuri. Preston hawakupata ubingwa wa Ligi akiwa nao: mwaka 1953 walilingana pointi na Arsenal wakakosa kwa wastani wa magoli, na 1958 wakawa wa pili nyuma ya Wolves, Finney wakati huo akiwa amehamishiwa mshambuliaji wa kati na akifunga kama aliyezaliwa pale. Alichaguliwa mchezaji bora wa mwaka na waandishi mara 2, 1954 na 1957, wa kwanza kuipata mara mbili. Mechi 433 za Ligi, magoli 187, yote kwa klabu moja. Hakuwahi kuonywa na refa wala kutolewa uwanjani, na hilo binti yangu alilipokea kwa mashaka kwa kuwa yeye ana kadi 2 za njano muhula huu.

Picha niliyoipenda kuliko zote haikuwa ya filamu. Ni ile ya mwaka 1956, Preston dhidi ya Chelsea pale Stamford Bridge, mvua imegeuza uwanja kuwa dimbwi, na Finney anateleza kuufuata mpira huku maji yakiruka pande zote kama mabawa. VJ aliisimamisha kwenye kioo karibu dakika 2 na hakusema kitu. Akaweka na sanamu iliyochongwa kutokana na picha hiyo, ikasimamishwa nje ya Deepdale mwaka 2004, yenye maji ya kweli yanayoruka kutoka kwenye mabomba. Nilianza kuhesabu mikondo ya maji na kutafuta mahali walipoficha pampu. Kumwekea fundi bomba sanamu yenye mabomba ni heshima iliyofikiriwa.

Na kuna kimoja ambacho wengi hawakijui: mwaka 1963, miaka 3 baada ya kustaafu, ana miaka 41, klabu ya Distillery ya Belfast ilimwomba awachezee mechi moja ya Kombe la Ulaya dhidi ya Benfica, Benfica ya Eusébio. Akavaa viatu. Ikaisha 3-3.

Mambo ya kibanda chenyewe. Kiingilio 2,000, mtoto 1,000. Mabenchi hayana egemeo, na onyesho ni zaidi ya saa 2, basi njoo na mto. Kaa benchi la tatu upande wa feni; la kwanza liko karibu mno na spika, na spika hiyo ikipandishwa inakwaruza. Kioo ni kikubwa na safi. Wanawake na wasichana walikuwepo kadhaa, hakuna aliyesumbuliwa, na mhudumu alimtoa nje mlevi mmoja kabla hajakaa. Kuhusu koki ya kunawia mikono pale mlangoni: inavuja usiku kucha, ndoo moja nzima inapotea. Ni washa tu, kile kipira cha ndani ya koki, iliyokwisha, ya shilingi 500. Nimemwambia mhudumu nitaipitisha Jumatano ijayo na kuifunga mwenyewe kabla ya onyesho.

Jumatano hiyo ni zamu ya Stanley Matthews. Binti yangu ameshasema anakwenda kumzomea.